Vitabu vya kari za hotelini: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mwaka jana nilitoa shilingi elfu tatu na mia mbili kwa kitabu kinene cha kari za hotelini. Jumapili iliyofuata nikakata kuku, nikapanga viungo mezani, nikafungua ukurasa wa kari niliyoichagua. Mstari wa nne ukasema: ongeza upawa mmoja wa rojo la msingi. Nikalitafuta rojo hilo mwanzoni mwa kitabu, nikalitafuta mwishoni, nikalitafuta kwenye faharasa. Halikuwamo. Lilikuwa kwenye kitabu cha pili cha mwandishi yule yule, kinachouzwa peke yake. Kuku tulimla, lakini ile ladha niliyoilipia haikufika mezani.

Tangu siku hiyo sinunui kitabu cha aina hii kabla ya kukipekua kwa dakika kumi nikiwa nimesimama pale pale dukani. Nimesikia pia wapenzi wenzangu wa kari hapa Nairobi wakishauriana, na mengi wanayoambiana si kweli.

"Kuna kiungo cha siri ambacho wapishi hawakitoi"

Dhana hii ndiyo inayouza vitabu vingi kuliko zote. Jalada likiandikwa neno "siri", mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Ukweli ni kwamba kari ya hotelini inatofautiana na ya nyumbani kwa sababu ya kazi iliyofanywa asubuhi, kabla mteja hajavuta kiti. Katika mikahawa ya kari ya Uingereza, ambako vitabu vingi vya aina hii vinatoka, kuna sufuria kubwa la vitunguu maji vinavyochemshwa pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, nyanya kidogo, hoho au karoti, mabua ya dania, manjano, jira na mafuta. Vinachemka saa nzima au zaidi, mpaka kitunguu kikibanywa kwa vidole viwili kinapondeka bila ubishi. Vyote vinasagwa kwa blenda vikawa laini, vinarudishwa motoni mpaka mafuta yapande juu. Hilo ndilo rojo la msingi. Ukilionja peke yake utashangaa lilivyo pole.

Nyama na kuku navyo vimekwisha kupikwa kando. Mteja akiagiza, mpishi anaweka kikaangio kwenye moto mkali: mafuta, kisha saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha viungo vya unga kwa sekunde chache tu, kisha nyanya ya kopo iliyozimuliwa kwa maji. Ndipo anamimina upawa wa kwanza wa rojo. Halikorogi kila mara. Analiacha lipungue mpaka lishike kingo za kikaangio, analikwangua na kulirudisha katikati, anaongeza upawa wa pili, anatia nyama, na mwishoni majani makavu ya uwatu, yale yanayouzwa kwa jina la kasuri methi. Ule utamu wenye harufu ya kuungua kwa mbali, ambao watu wanautafuta nyumbani bila kuupata, unatoka kwenye kule kushika na kukwangua. Mafuta yana kazi yake pia: rangi ya manjano na harufu za viungo vingi huyeyuka ndani ya mafuta kuliko ndani ya maji, kwa hiyo kitabu kinachoahidi ladha ya hoteli kwa kijiko kimoja cha mafuta kinaahidi kisichowezekana.

Basi ukurasa wa kwanza wa kutafuta ni wa rojo la msingi. Uwe ndani ya kitabu hicho hicho. Useme vitunguu ni kilo ngapi na maji ni lita ngapi, na useme rojo likikamilika litatosha kari ngapi. Baada ya hapo tafuta ukurasa wa kuipika nyama kabla. Kitabu kinachotia kuku mbichi moja kwa moja kwenye kari zote kinaweza kuwa kizuri, ila si cha mapishi ya hotelini, hata jalada liseme nini.

"Kari ya hotelini ni ile ile popote"

Hapa ndipo watu wengi wa Nairobi wanapopotea, nami nilipotea hapo hapo.

Mikahawa mingi inayoitwa ya Kihindi kule Uingereza iliendeshwa na watu waliotoka Sylhet, eneo ambalo leo liko Bangladesh. Walijenga upishi wao wenyewe kwa ajili ya wateja wa kule, ukakua mpaka ukawa mila kamili. Mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliitaja chicken tikka masala kuwa chakula cha kitaifa cha Waingereza. Katika upishi huo rojo ni moja, nalo linazaa karibu menyu nzima: ukitia nazi, krimu na sukari ni korma; ukizidisha pilipili ni madras; ukizidisha zaidi ni vindaloo. Vindaloo yenyewe ilianzia Goa, kutokana na pishi la Wareno la nyama iliyolowekwa kwenye siki na saumu, lakini kwenye menyu za kule jina hilo sasa humaanisha ukali tu.

Nairobi ina historia nyingine. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa 1899, na zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, wengi wao Wapunjabi. Wafanyabiashara wa Kigujarati na Wagoa wakaja na vyungu vyao. Ukikaa mkahawani Parklands au Ngara leo, unachokula kina mizizi ya Punjab na Gujarat, na kimeishi na viungo, mboga na walaji wa hapa kwa zaidi ya karne. Muhogo wenyewe Wahindi wa hapa wanauita mogo, na kuku paka, yule wa tui la nazi, ni wa Afrika Mashariki kabisa.

Jikoni kwa hoteli za Kihindi za mtindo wa India mara nyingi hakuna rojo moja bali kadhaa: la kitunguu na nyanya lililokaangwa mpaka likawa la kahawia, la nyanya, siagi na korosho linaloitwa makhani, na jeupe la korosho na mtindi. Butter chicken inatoka kwenye makhani. Ukinunua kitabu cha mikahawa ya Birmingham, kule Uingereza, ukitarajia butter chicken ya Parklands, utafuata kila mstari kwa uaminifu na bado utapata chakula kingine. Kitabu hakitakuwa kimekudanganya. Ulikuwa unatafuta hoteli nyingine.

Kwa hiyo soma utangulizi kwanza. Mwandishi mwaminifu anataja mkahawa wa wapi anaufundisha. Asiyetaja, akasema tu "mkahawa wa Kihindi", ananitia shaka. Neno "asili" kwenye jalada nalo halinisaidii. Hiyo butter chicken, ambayo wengi wanaihusisha na Delhi ya baada ya mgawanyo wa India na Pakistan wa 1947, mwaka 2024 ilifikishwa Mahakama Kuu ya Delhi na warithi wa pande mbili wakigombania nani aliyeibuni.

"Kimeandikwa na mpishi wa hoteli, basi vipimo vyake ni sahihi"

Mpishi wa hoteli anapika kwa mkono. Anachota kwa kijiko chake kikubwa cha chuma, anakitumia hicho hicho kukorogea, na sufuria lake lina kilo ishirini za vitunguu. Kuigeuza kazi hiyo iwe ya watu wanne ni ujuzi mwingine kabisa, na si kila mpishi hodari anao. Ishara ninayoiamini ni hii: je, mwandishi anasema upawa wake unabeba mililita ngapi? Akisema, alipima. Asiposema, upawa wako na wake vinaweza kutofautiana mara mbili, na kari ikawa supu.

"Vitabu vya nje havifai kwetu, viungo havipatikani"

Viungo vipo. Ni miji michache nje ya India ambayo ni rahisi kuliko Nairobi kupata kasuri methi, hingi (utomvu mkavu wenye harufu kali), unga wa embe mbichi au pilipili nyekundu ya Kashmir. Tembea Ngara, au ingia Diamond Plaza, utarudi na vyote kwenye mfuko mmoja.

Tatizo liko kwenye majina na vipimo. Kitabu cha Marekani kikiandika unga wa pilipili kwa neno lao la "chili powder", mara nyingi ni mchanganyiko wenye jira, saumu na oregano ndani yake, na si pilipili tupu kama ya hapa. Vijiko viwili vya mezani vya mchanganyiko huo ni sawa. Vijiko viwili vya pilipili yetu kali vitawaliza watoto. Pilipili ya Kashmir nayo inatafutwa kwa wekundu wake, haiwashi sana, kwa hiyo usiibadilishe kijiko kwa kijiko na yoyote iliyo karibu. Kijiko cha mezani chenyewe ni mililita 15 Uingereza na Marekani, lakini ni 20 Australia.

Halafu kuna vitunguu. Kitunguu kikubwa cha duka la London kinaweza kufika gramu 200 na zaidi. Vile vyekundu tunavyonunua hapa, vingi vikiletwa kutoka Tanzania, mara nyingi havifiki nusu ya hiyo, na ni vikali zaidi. Kitabu kinachosema "vitunguu vitano" kimekuacha njia panda. Kinachosema "kilo moja ya vitunguu vilivyomenywa" kimekuheshimu. Nikikuta rojo la msingi limeandikwa kwa idadi ya vitunguu bila uzito, nakirudisha kitabu rafuni.

"Kari ya hoteli ni ya dakika kumi"

Ni kweli, ikiwa rojo na nyama viko tayari. Kabla ya hapo una nusu siku ya kazi, na kitabu kizuri kinakwambia hivyo waziwazi, kisha kinakueleza namna ya kuligawa rojo kwenye vibakuli, kulipoza haraka na kuligandisha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sijawahi kulikuta kwenye kitabu kilichoandikwa Ulaya. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Dengu, mbuzi na hivyo vitunguu vya rojo vitachukua muda mrefu kuliko ulioandikwa. Vitabu vinavyotoa dakika peke yake vinatuumiza sisi watu wa nyanda za juu. Vinavyotoa dakika pamoja na dalili, mathalani "mpaka nyama iachie mfupa" au "mpaka mafuta yajitenge", vinapikika popote. Moto nao ni hivyo hivyo: jiko letu la gesi halina nguvu ya lile la hotelini, kwa hiyo ukitaka rojo lishike kingo, pika sahani mbili kwa wakati mmoja, si sita.

"Picha nzuri, kitabu kizuri"

Picha ya sahani iliyopambwa kwa dania haifundishi kitu. Natafuta picha ya kitunguu kikiwa kimefikia rangi inayotakiwa, na ya mafuta yakiwa yamejitenga pembeni. Mbili za namna hiyo zinatosha.

"Kila kitu kiko kwenye simu siku hizi"

Video zinafundisha jambo ambalo kitabu hakiwezi: sauti ya rojo linapogusa kikaangio cha moto, na wepesi wa mkono wa mpishi. Ninazitazama na ninazipenda. Lakini vipimo vinapita haraka, na video tano zitakupa rojo tano zisizoelewana, wakati kitabu kilichopangwa vizuri kinajenga kari thelathini juu ya rojo moja ulilokwisha kulizoea. Ukiwa na rafiki aliye na kitabu unachokitamani, kiazime wikendi moja kabla ya kununua. Pika rojo lake la msingi, kisha pika kari iliyo nyepesi kuliko zote humo, isiyo na krimu wala korosho, kwa sababu krimu inaficha makosa ya mwandishi na yako pia. Ile kari tupu, ya kitunguu, viungo na kuku, ukiila kwa chapati na ukajikuta unapangusa sahani, kesho yake nenda ukanunue nakala yako.