Je, wajua kwa nini watu hujifungia jangwani Marekani wakaishi kana kwamba wako Mirihi?

Karibu na mji mdogo wa Hanksville, jimboni Utah, kuna nyumba nyeupe ya duara yenye ghorofa mbili na upana wa mita nane hivi. Wanaoishi humo hawatoki nje bila suti na helmeti. Kabla ya kutoka huingia kijichumba chenye milango miwili, hufunga ule wa ndani, kisha husimama dakika kadhaa wakingoja hewa itolewe. Lakini hakuna hewa inayotolewa, kwani ndani na nje ni hewa ileile ya Utah. Suti nazo hazina shinikizo lolote. Mgongoni kuna feni zinazosukuma hewa ya kawaida kupitia mabomba ya mpira hadi kwenye helmeti, basi. Na bado wanangoja, kila wanapotoka na kila wanaporudi.

Kituo hicho kilijengwa mwaka 2001 na Mars Society, shirika linalohimiza binadamu kwenda Mirihi. Timu ya watu sita au saba hukaa humo kwa kawaida wiki mbili, nao ni watu wa kujitolea: wanafunzi, wahandisi, wanajiolojia, madaktari. Kila mmoja ana kazi yake, kuanzia kamanda hadi mwangalizi wa banda la mimea.

Nilipoona picha zao mara ya kwanza niliamini mambo mawili. La kwanza, kwamba hawa ni wanaanga watarajiwa wanaojizoeza safari. La pili, kwamba kinachojaribiwa ni Mirihi yenyewe: mwili wa binadamu utastahimili vipi sayari ile. Yote mawili si kweli, na naona watu wengi wana imani hiyohiyo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mirihi ina mvutano wa asilimia 38 tu ya ule wa dunia. Mtu wa kilo 70 angejiona kama ana kilo 27. Hakuna jengo lolote duniani linaloweza kukupa hali hiyo kwa wiki mbili, sembuse mwaka. Shinikizo la hewa ya kule halifiki asilimia moja ya letu, na hewa yenyewe karibu yote ni kabonidioksaidi. Mionzi ya anga za mbali huku tunakingwa nayo na usumaku wa dunia pamoja na unene wa angahewa. Kwa hiyo ukiondoa udongo mwekundu na mawe ya Utah, ambayo kweli yanawafaa wanajiolojia, karibu kila kitu kinachoifanya Mirihi iwe hatari hakipo pale.

Wala hawako kwenye foleni ya roketi. Hata NASA, shirika la anga la Marekani, ilipowafungia watu wanne kwa siku 378 jijini Houston, kuanzia Juni 2023 hadi Julai 2024, ndani ya nyumba ya mita za mraba 158 iliyojengwa kwa mashine ya kuchapa 3D, hapakuwa na mwanaanga hata mmoja. Alikuwapo mtafiti wa tiba, mhandisi, daktari wa dharura na mtaalamu wa vijidudu. Walijitolea, na walipotoka hawakuahidiwa safari yoyote.

Basi kinachopimwa ni nini? Ni wao wenyewe: usingizi wao, hamu yao ya kula, ugomvi wao, jinsi wanavyofikia uamuzi. Na kipo kipande kimoja cha Mirihi ambacho kinaweza kuletwa duniani kizima kizima, bila kupunguzwa wala kubuniwa. Kipande hicho ni kuchelewa kwa mawasiliano.

Mwanga na mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna mtambo utakaoharakisha. Mirihi ikiwa karibu kabisa, kilomita milioni 55 hivi, ujumbe unachukua dakika tatu. Ikiwa upande wa pili wa jua, kilomita milioni 400, unachukua dakika 22. Katika HI-SEAS, kituo kingine cha kuigiza Mirihi kilicho kwenye mlima Mauna Loa huko Hawaii, ambako watu sita walikaa mwaka mzima kuanzia Agosti 2015, kila ujumbe ulicheleweshwa dakika 20 kwenda na 20 kurudi.

Fikiria unapiga hodi, na "karibu" inakufikia baada ya dakika 40. Sasa fikiria salamu zetu. Hujambo? Habari za nyumbani? Watoto? Wazee? Kazi? Ukiuliza moja ukangoja jibu ndipo uulize la pili, salamu peke yake zitakula saa tatu na dakika 20. Hakuna anayeweza kuzungumza hivyo. Mazungumzo yanakufa, inabaki barua.

Lakini kungoja si ndiyo shida kubwa. Shida kubwa ni ujumbe kupishana njiani. Tuseme pampu ya maji imezima nawe unatoa taarifa. Dakika ya 10 unagundua ni fyuzi, unaibadilisha, unaandika tena kwamba imepona. Taarifa yako ya kwanza inawafikia wenzako walio duniani dakika ya 20, nao wanajibu hapohapo: zima umeme, kagua fyuzi. Jibu lao linakukuta dakika ya 40, nusu saa tangu pampu ianze kufanya kazi. Kila mmoja amefanya lake sawasawa, lakini wewe unasoma maagizo ya mtu anayeonekana hajakusikiliza. Hilo likijirudia kila siku kwa miezi, utaanza kuwaona watu wa nje kuwa hawaelewi kitu.

Ushahidi upo, ingawa ni mwembamba. Kuanzia Juni 2010 hadi Novemba 2011, wanaume sita walifungiwa Moscow kwa siku 520 katika Mars500, jaribio la kuigiza safari ya Mirihi. Waliripoti migongano na kituo cha uongozi mara tano zaidi ya migongano kati yao wenyewe. Nilipoisoma takwimu hiyo mara ya kwanza nilidhani jambo limethibitika. Kumbe watu wawili tu kati ya sita ndio waliotoa asilimia 85 ya ripoti hizo. Kwa kundi dogo hivyo, huwezi kutenganisha kwa uhakika tabia ya mtu na athari ya mahali.

Jaribio hilohilo lilitoa jambo linalonishangaza hadi leo. Kadiri siku zilivyokwenda, timu ilipunguza kujongea na kuongeza kulala, na mwili wa mmoja wao ukahamia kwenye siku ya saa 25 hivi. Alikuwa macho wenzake wakilala, akalala wenzake wakiwa macho, katika nyumba ileile.

Upungufu mwingine ni kwamba mlango upo. Februari 2018, siku nne tu baada ya timu mpya kuingia HI-SEAS, mmoja alipigwa na shoti ya umeme. Iliitwa huduma ya dharura, akapelekwa hospitali, na safari ikaishia hapo, kama ilivyopaswa. Mtu anayejua kwamba gari la wagonjwa linaweza kufika hana hofu ileile ya mtu aliye mbali kwa miezi saba ya safari.

Pamoja na hayo, kile kijichumba cha Utah chenye hewa ileile pande zote kina kazi ya kweli. Dakika za kungoja ni gharama halisi, hata kama sababu yake ni ya kuigiza. Timu iliyoshalipa gharama hiyo mara mbili tatu hupanga kazi ya nje mezani kabla ya kuvaa, kwa sababu aliyesahau nyundo ya kuvunjia mawe hana budi kurudi, angoje mlangoni, avue helmeti, aichukue, avae upya, angoje tena, huku wenzake wamesimama juani wakimsubiri.