Averrhoa: birimbi na jina la Ibn Rushd

Kazi yangu ni mimea, na kuna jina moja ambalo kila nikilitamka nasikia raha. Averrhoa. Ndo jenasi, yaani kundi la mimea ndugu, ya mbirimbi, na jina limetoka kwa Ibn Rushd, yule tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa Córdoba 1126 akafia Marrakesh 1198. Wazungu waliokuwa wakiandika Kilatini walimwita Averroes, wengine wakachomeka h katikati, ndo maana h ile ipo, msiiache mkiandika tafadhali. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, akaliweka rasmi kitabuni 1753, na kwenye kitabu hichohicho mchu, ule mti wa mikokoni, ukaitwa Avicennia, yaani Ibn Sina. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa sana, matabibu wawili wa Kiislamu kila mmoja na mti wake.

Jenasi yenyewe ni ndogo, spishi kama 5 tu, asili yake kusini mashariki mwa Asia. Zinazolimwa sana ni mbili: mbirimbi, Averrhoa bilimbi, na karambola, Averrhoa carambola, lile tunda la mbavu 5 ukilikata kwa upana unapata nyota. Wamalay wanasema belimbing, kwa hiyo bilimbi na birimbi letu ni neno lilelile.

Ukisimama chini ya mbirimbi unaozaa usitazame juu tu, angalia shina. Vimaua vya rangi ya damu ya mzee vinachomoza kwenye gome lenyewe, pembeni yake mabirimbi yananing'inia kwa vishada kama vijitango vya kijani, na ukiling'ata moja uso wote unakunjamana.

Huo ukali ni asidi ya oksaliki. Unakijua kile kimmea cha bustanini chenye vijani vitatu kama kopa za karata, ukikitafuna kinachachuka mdomoni? Ni familia moja kabisa, Oxalidaceae, ndugu wa damu, mmoja kabaki chini mwingine kawa mti. Asidi hiyohiyo ndo inayofanya maji ya birimbi yatoe madoa ya kutu kwenye nguo.

Ila hapa naomba mnisikilize vizuri. Juisi nzito ya birimbi ikinywewa kwa wingi inaweza kuziba figo hata za mtu mzima wa afya, maana oksalati, chumvi ya asidi hiyo, inaganda humo ndani kama chembe za mchanga. Karambola nayo ina sumu ya ubongo, karamboksini, watafiti wa Brazil waliitangaza 2013. Figo nzima zinaitoa na mkojo, figo mbovu zinaiacha ipande kichwani. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo asiguse hata kipande, na kama ameshakula akaanza kwikwi isiyokatika au anaongea asivyoeleweka, msisubiri degedege, mkimbizeni hospitali na mwambieni daktari amekula tunda gani.