5 Februari: siku iliyoteuliwa na siku iliyojiangukia

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu redioni ni kuandaa kipengele cha "Siku kama ya leo". Nina daftari kubwa ambalo kila tarehe ya mwaka ina ukurasa wake, kurasa 366, maana 29 Februari nayo imo. Ukurasa wa 5 Februari ndio uliochakaa kuliko zote. Umefutwafutwa, umebandikwa vipande vya karatasi kwa gundi, na pembeni nimepiga mistari kwa kalamu mbili, ya buluu na nyekundu.

Ya buluu ni ya mambo yaliyojiangukia yenyewe. Cristiano Ronaldo alizaliwa Funchal, kisiwani Madeira, 5 Februari 1985. Neymar akazaliwa Mogi das Cruzes, Brazili, 5 Februari 1992, miaka saba kamili baadaye. Carlos Tevez ni wa 1984, Gheorghe Hagi wa 1965, tarehe ile ile. Nikisoma majina haya hewani simu za studio haziishi kulia. Watu wanataka kujua siku hii ina siri gani na mpira.

Haina siri. Chukua kikosi cha wachezaji 23, idadi iliyotumika Kombe la Dunia kuanzia 2002 hadi 2018. Wengi watakwambia ni vigumu wawili kati yao wawe wamezaliwa siku moja, kwa kuwa mwaka una siku 365. Wanachosahau ni kwamba hatumlinganishi mchezaji mmoja na wenzake 22 tu. Tunamlinganisha kila mtu na kila mtu, na hapo zinapatikana jozi 253. Kila jozi ina nafasi yake ndogo ya kugongana, na nafasi hizo zikijumuika uwezekano unavuka nusu kidogo. Watu wakifika 57 unazidi asilimia 99. Kabla ya redio nilikuwa mwalimu, na darasa langu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini. Kila mwaka nilikuta kwenye rejista angalau wawili wa siku moja, na hapo sihesabu wale walioandikiwa 1 Januari kwa sababu nyumbani hakuna aliyeikumbuka tarehe. Basi ukichukua wanasoka wa dunia nzima, kila siku ya mwaka itapata nyota wake.

Mistari myekundu, ya siku zilizoteuliwa na watu makusudi, ndiyo inayonigusa zaidi.

5 Februari 1957, siku ya Jumanne, African Association na Shirazi Association za Zanzibar ziliungana na kuzaa Afro-Shirazi Party (ASP), chini ya Abeid Amani Karume. Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha Tanzania Bara, ilikutana Arusha na kupitisha Azimio la Arusha, la ujamaa na kujitegemea, tarehe 29. Azimio lenyewe lilitangazwa kwa wananchi wiki moja baadaye, Jumapili ya 5 Februari 1967, na kesho yake Mwalimu Nyerere akatangaza kutaifishwa kwa mabenki. ASP ilikuwa inatimiza miaka kumi siku ile ile Azimio linatangazwa. Ikapita miaka kumi mingine. Januari 1977 TANU na ASP zilikubaliana kuvunjwa, na chama kipya, Chama Cha Mapinduzi (CCM), kikazaliwa Zanzibar, Jumamosi ya 5 Februari 1977.

Hapo mtu asiseme bahati. Chama kilizaliwa siku ASP inatimiza miaka ishirini kwa sababu waliokizaa waliitaka siku hiyo. Nami huwaomba wasikilizaji watazame kilichoachwa. TANU ilikuwa na siku yake, Saba Saba, 7 Julai 1954, siku iliyokwisha kuzoeleka Bara nzima. TANU ndiyo iliyokuwa na wanachama wengi na eneo kubwa. Hata hivyo, siku ya kuzaliwa ya chama kipya ilitoka visiwani. Mimi naisoma hiyo kuwa ni heshima iliyotolewa makusudi, kwa sababu ndugu wawili wanapohamia nyumba moja, mdogo asipoona chochote chake ukutani hatajihisi yuko kwake. Wanaosimulia Muungano kwa vifungu vya sheria peke yake huipita tarehe hii bila kuitazama, na kwangu hilo ni kosa.

Mexico nao walifanya jambo linalofanana na hili. Katiba yao ya 1857 ilisainiwa 5 Februari. Mapinduzi yalipozaa katiba mpya, wajumbe waliisaini mjini Querétaro 31 Januari 1917, lakini Venustiano Carranza, kiongozi wa nchi wakati huo, aliitangaza 5 Februari, ili mpya ikae juu ya siku ya ile ya zamani. Karatasi imeshasainiwa, ikasubirishwa siku chache mpaka kalenda ifike mahali panapotakiwa. Ila kwamba katiba ya 1857 na ASP ya 1957 zimepishana miaka mia kamili, hilo ni la kalamu ya buluu. Hakuna aliyelipanga.

Kuna mstari mmoja nimeufuta kabisa. Orodha nyingi za matukio huandika kwamba 5 Februari 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliifanya Kongo kuwa mali yake binafsi. Siisomi hewani. Siku hiyo Mkutano wa Berlin ulikuwa bado unaendelea. Ulifungwa 26 Februari, na dola yenyewe ilitangazwa baadaye mwaka huo. Jambo lililowatesa watu kiasi kile haliwezi kupachikwa tarehe ya kukisia eti ukurasa ujae.

Lingine limebaki, lakini nimeliwekea alama. Alan Shepard na Edgar Mitchell wa Apollo 14 walitua mwezini 5 Februari 1971, saa sita na dakika kumi na nane mchana kwa saa za kwetu. Muda huo huo, mkazi wa Hawaii alikuwa bado kwenye usiku wa 4 Februari. Waliomo chomboni hawakuwa na macheo wala machweo ya kuhesabia siku, kwa hiyo tarehe tunayoiandika ni ya saa za duniani. Kila ninapoandika "siku hiyo" hujiuliza kwanza: siku ya wapi?

Mwaka huu nilianza na Mexico, nikaja Zanzibar, nikaingia kwenye Azimio, nikakaa muda mrefu kwenye 1977, kisha mwezini. Ronaldo na Neymar niliwaweka mwisho. Vijana wengi hufungua redio kwa ajili yao, na safari hii walipowafikia walikuwa wameshamsikia Karume.