Je, wajua jinsi ubashiri wa vianzio vya DNA unavyopimwa?

Seli ya hamira, ile ile inayoumua maandazi, hainakili DNA yake kuanzia popote, bali huanzia katika sehemu maalumu ziitwazo vianzio vya urudufishaji. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ina jozi za besi (viungo vidogo vinavyoandikwa kwa herufi A, C, G na T) zipatazo milioni 12, na ndani yake mna vianzio takriban 400. Kwa kuwa kuvithibitisha kimoja kimoja maabarani ni kazi ndefu, wataalamu hutunga programu za kompyuta zinazosoma mfuatano wa herufi hizo na kubashiri vilipo.

Ugumu ni kwamba alama inayoshikwa na protini zinazoanzisha kazi hiyo ni fupi, yenye herufi 11 tu, na mifuatano inayofanana nayo imetapakaa katika maelfu ya sehemu ambazo hazianzishi chochote.

Kipimo cha usahihi nacho kina mtego. Mara nyingi programu hujaribiwa kwa vipande vilivyochaguliwa, nusu vianzio na nusu si vianzio. Tuseme imepatia asilimia 90 katika kila kundi, kisha ikapewa jenomu nzima iliyokatwa vipande 40,000 vya herufi 300, ambamo vianzio ni 400. Itavitambua 360, lakini katika vipande 39,600 vilivyobaki itavitaja 3,960 kimakosa, hivyo katika kila madai 100 ni kama 8 tu yatakayokuwa ya kweli. Kinyume chake, programu inayojibu "hapana" kwa kila kipande itajipatia usahihi wa asilimia 99 bila kugundua kianzio hata kimoja! Kwa hiyo, kwa maoni yangu, tarakimu moja ya usahihi haifai kuaminiwa: ni lazima zitolewe mbili, yaani sehemu ya vianzio halisi iliyopatikana, na sehemu ya madai iliyothibitika.

Hata orodha ya vianzio "halisi" ina walakini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kipande kinachoshukiwa huweza kupachikwa katika plasmidi, ambayo ni DNA ya mviringo, na kuingizwa katika hamira ili kuona kama plasmidi hiyo itajinakili. Hata hivyo, vipo vipande vinavyofanya kazi ndani ya plasmidi lakini vimelala ndani ya kromosomu. Programu inayovitaja imekosea au imepatia? Hifadhidata ya OriDB hukabili tatizo hili kwa kutenga vianzio vilivyothibitishwa, vinavyoelekea kuwa kweli, na vyenye shaka.

Kwa bakteria E. coli mambo ni mepesi zaidi, kwani kianzio ni kimoja, oriC, na inatosha kupima umbali kati yake na mahali palipobashiriwa. Kwa binadamu, ambaye vianzio vyake havina mfuatano mmoja wa pamoja, hata mbinu tofauti za maabara hutoa orodha zisizolingana, na alama ya usahihi inayopewa programu hutegemea sana orodha iliyolinganishwa nayo.