Kontrola kushindwa kusoma dekoda si ushahidi kwamba imeungua

Nimeletewa tena kichwa cha treni ndogo ya modeli kilichogoma, na hukumu imeshatolewa: "Dekoda imeungua, weka nyingine." Dekoda ni kile kibao cha saketi ndani ya kichwa kinachopokea amri za kontrola, yaani kifaa cha kuendeshea treni. Ukiuliza imejulikanaje, jibu ni lilelile: kiliwekwa kwenye reli ya kuprogramu, ile ya kusomea na kubadilishia mipangilio ya dekoda, kontrola ikashindwa kusoma.

Jamani! Dekoda haina mdomo. Ikiulizwa swali kwenye reli hiyo, hujibu kwa kuvuta umeme wa ziada, angalau miliampia 60 kwa takriban milisekunde 6, na nyingi huupitisha kwenye mota. Ndiyo maana kichwa hushtukashtuka kinaposomwa. Sasa kama kaboni ya mota imekwisha, au waya wa rangi ya chungwa uendao kwenye mota umeachia pale ulipolehemiwa, ijibu kwa kutumia nini? Swali imelisikia. Ukiweka dekoda mpya, nayo itanyamaza vilevile. Hata kapasita ya akiba, ile inayoitunzia dekoda umeme reli ikikatika, inaweza kulifunika jibu, kwa hiyo ichomoe kwanza.

Magurudumu na bamba za kuchukulia umeme nadhani umeshasafisha. Rudisha kichwa kwenye reli ya kawaida, ita anwani yake, yaani namba ambayo kontrola hukiitia, washa taa. Zikiwaka, dekoda ni hai, kaichunguze mota. Zisipowaka, jaribu anwani 3, ambayo ndiyo ya kiwandani. Kisha andika 0 kwenye CV19 (CV ni nafasi ya kuhifadhia mpangilio mmoja ndani ya dekoda; ya 19 hushika namba ya msafara). Hii imewaumbua wengi: kichwa kiliwahi kuunganishwa na kingine vivute pamoja, vikatenganishwa, namba ya msafara ikabaki humo, na tangu siku hiyo ukikiita kwa anwani yake hakisogei. Na usitishwe na kontrola ikilalamika wakati wa kuandika. Mara nyingi amri imeshaingia. Kilichokosekana ni itikio tu.

Zipo dekoda zinazofufuka ukiandika 8 kwenye CV8 ili kuzirudishia mipangilio ya kiwandani, njia ambayo watengenezaji wengi huikubali. Nini kilizivuruga, siwezi kuapa. Nashuku shoti za kwenye njia panda za reli. Harufu nayo siiamini sana, kwa sababu mafuta yaliyomwagikia komyuteta, sehemu ya mota inayosuguliwa na kaboni, hunuka kuungua vilevile.

Ukiridhika kwamba imekufa kweli, usikimbilie kuchomeka mpya. Chomoa ya zamani, weka mita kwenye kipimo cha mlio, pima kutoka kila ncha ya mota hadi magurudumu ya kila upande, kisha hadi kwenye chesisi. Ikilia popote, mota haijatengwa na reli, na dekoda mpya ibaki kwenye pakiti yake.