Kabla ya Kusema Betri Ni Ghushi, Soma Herufi Zake

Majuzi dawati letu la malalamiko ya ubora wa bidhaa lilimpokea mama mmoja mwenye kiondo. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kupima presha, pakiti ya betri iliyochanwa na risiti iliyokunjwa mara nne. Betri alizinunua Jumamosi. Kufikia Jumatano, mashine ilikuwa inajaza hewa nusu, inaguna, kisha inazima.

"Hizi ni feki," akasema, "na nyinyi mko hapa mnakunywa chai."

Chai ilikuwepo kweli. Tuliiweka kando, tukazipima betri mbele yake. Zikiwa hazijafungwa kwenye kitu, kila moja ilisoma volti 1.4 na ushei. Tulipozifunga kwenye mzigo wa umeme unaokaribia ule wa mota ya mashine, zikaporomoka chini ya volti 1 papo hapo. Nikamwonyesha maandishi madogo ubavuni mwa betri: R6P. Stika ya ubora ilikuwepo, tarehe haijapita, na kampuni iliyoandikwa ndiyo iliyozitengeneza.

"Mama, betri ni halali. Ila si za mashine hii."

"Mwanangu, mimi nilimwambia mwenye duka nipe mawe ya mashine ya presha. Akanipa mawe."

Hapo ndipo penye tatizo, na ndiyo sababu ya makala haya. Malalamiko mengi ya betri tunayoletewa huanza na neno "feki", na mara nyingi tukipima tunakuta betri nzima iliyotiwa kwenye kifaa kisicho chake. Bidhaa ghushi zipo, sikatai, na nitazifikia. Ila ghushi ni neno la kisheria. Si jina la kila kitu kilichokuudhi.

Ukubwa wa betri sitaueleza, maana kila mtu anajua jiwe kubwa la tochi na jiwe dogo la rimoti. Kinachopuuzwa ni herufi. Kwa utaratibu wa kimataifa wa IEC 60086, R ikisimama peke yake mbele ya namba, hiyo ni betri ya zinki na kaboni, ile ya bei nafuu; ile P ya mwisho kwenye R6P haibadilishi aina. Ikitanguliwa na L, yaani LR, ni ya alkalini. FR ni ya lithiamu. HR ni ya nikeli, ya kuchaji, nayo ina kiwango chake tofauti. Namba inataja umbo: 6 ndiyo AA, 03 ni AAA, na 20 ni lile jiwe kubwa. R6 na LR6 zinaingia tundu moja na zote zimeandikwa volti 1.5, ndiyo maana mwenye duka haoni tofauti isipokuwa bei.

Tofauti iko ndani. Kwenye R6, kopo lenyewe ni la zinki, na zinki hiyo ndiyo inayotumika kutoa umeme. Kadiri unavyoitumia ndivyo kuta zinavyoliwa, mpaka zinatoboka na betri inatoa maji. Kwenye LR6, zinki imesagwa na kuwekwa katikati, na kopo la nje ni la chuma lisiloliwa. Ile unga ya zinki ina eneo kubwa la kufanyia kazi, kwa hiyo umeme mwingi unaweza kutoka kwa mkupuo bila volti kuanguka. Mashine ya presha ina mota ya kusukuma hewa, na mota haitaki kungojeshwa.

Basi chagua kwa kuangalia kifaa kinavyokula. Saa ya ukutani hunywa umeme tone kwa tone, na rimoti huamka unapobonyeza tu. Hizo R6 inazitosha. Wanaonunua betri ghali kuliko zote kwa ajili ya saa ya sebuleni hawavunji sheria, lakini wasije kutuuliza kwa nini saa haikimbii zaidi. Mashine ya presha, gari la mtoto lenye mota, tochi yenye mwanga mkali na kamera vipewe LR6, au kile kilichotajwa kwenye kijitabu cha maelezo, ambacho najua kimetupwa pamoja na boksi.

Betri za kuchaji ni akiba nzuri kwa kifaa cha kila siku. Kumbuka tu kwamba HR6 ni volti 1.2. Kifaa cha betri nne kinachotarajia volti 6 kitapata 4.8, na baadhi ya mashine zitasoma hiyo kama betri iliyokwisha. Iko pia betri ya lithiamu ya kuchaji iitwayo 14500, yenye umbo la AA kabisa lakini volti 3.7. Ukitia mbili kwenye rimoti, umeipa zaidi ya mara mbili ya inachokihimili. Usije ukashangaa ikifa.

Sasa suala la kuanika. Wengi wetu tumekua tukiona mawe ya redio yamepangwa juu ya mabati saa sita mchana, na mjomba anayeyang'ata kwa meno kabla ya taarifa ya habari. Sitasema ni uongo kwamba redio ilirudi. Joto huharakisha kemikali iliyobaki, na kung'ata hubonyeza kopo likagusana vizuri zaidi na unga wa ndani. Unapata dakika chache. Unachopoteza ni kopo ambalo tayari limekonda, na unapolitia meno maji yake yako karibu na ulimi wako. Betri ya alkalini ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yake ni potasiamu haidroksidi, ambayo huunguza ngozi na macho. Tafadhali. Redio siku hizi iko kwenye simu.

Jua lilo hilo huharibu betri hata kabla hujainunua. Zilizokaa kwenye meza ya kando ya barabara mchana kutwa, hasa Mombasa au Garissa, hupoteza nguvu zikiwa ndani ya pakiti. Nunua za kivulini. Na friji haihitajiki. Unyevu wake hutia kutu ncha za betri.

Usichanganye mpya na kuukuu, wala R na LR, ndani ya kifaa kimoja. Iliyo dhaifu huisha kwanza, kisha zile zenye nguvu huisukumia umeme kinyumenyume mpaka inavuja. Niliwahi kufungua tochi iliyoletwa kwetu nikakuta springi imeota unga mweupe na wa kijani kama ukungu wa mkate. Mwenyewe alibadilisha betri moja tu kati ya tatu, "ile iliyokuwa imekwisha". Alitaka alipwe tochi.

Kwenye tochi za kuchaji, angalia betri ya lithiamu iitwayo 18650. Ukiona imeandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha umeme inaoweza kubeba), rudisha mezani. Betri halisi ya umbo hilo hufika takriban mAh 3,500, basi. Huhitaji maabara: betri nzima ina gramu 45 hivi, na hizi za maajabu mara nyingi ni nyepesi unapozishika.

Kuhusu betri za kitufe, hasa CR2032 inayokaa kwenye kipimo cha sukari na funguo za gari, sina mzaha. Ina kipenyo cha milimita 20, inakwama kwenye koo la mtoto, na umeme wake hutengeneza kemikali inayochoma nyama kuanzia ndani ya saa 2. Iliyokwisha pia inachoma. Mtoto anaweza kuonekana ana kikohozi tu. Ukishuku kameza, usimtapishe, usingoje aipitishe chooni, mpeleke hospitali yenye eksirei mara moja na useme neno betri. Nyumbani, kifaa ambacho mfuniko wake haushikwi na skrubu kisichezewe na mtoto.

Sasa ghushi. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014, na betri nyingi tunazonunua leo zinatoka nje. Bidhaa hizo hukaguliwa katika nchi zinakotoka, chini ya mpango ulioanzishwa kwa Tangazo la Kisheria Na. 78 la mwaka 2005, na pakiti ya rejareja inatakiwa kuwa na stika ya ISM, yaani alama ya bidhaa za kutoka nje, ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya. Bidhaa ya kutengenezwa nchini hubeba alama ya ubora yenye namba ya kibali. Andika SM# ikifuatiwa na namba hiyo, tuma kwa 20023, usome jibu. Jibu likitaja sabuni ilhali umeshika betri, hapo una hoja.

Ukiwa na hoja, lete pakiti yenyewe, risiti, na ikiwezekana pakiti ya pili isiyofunguliwa, ya aina na tarehe ileile. Stika usiibandue. Betri moja iliyotumika haitoshi kuthibitisha lolote, kwa sababu hatujui ilikaa wapi na ilifanya nini. Sisi hupima ubora. Kama ni kuiga jina la kampuni nyingine, hilo ni la Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi, na chini ya Sheria ya mwaka 2008 hata mnunuzi anaweza kulalamika kwake, si mwenye jina pekee. Kurudishiwa pesa ni kati yako na muuzaji. Dawati letu halina sanduku la fedha, tunaulizwa kila siku.

Wafanyabiashara nao wasome hili kwa makini. Anayepatikana na hatia ya kuuza bidhaa ghushi kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja iliyoko sokoni, au vyote viwili. Mara ya pili ni hadi miaka 15, au faini isiyopungua mara 5. Kinachohesabiwa ni bei ya sokoni, si uliyonunulia. Shehena ambayo ingeuzwa shilingi 400,000 ina faini ya chini ya shilingi 1,200,000, hata kama ulidai uliipata kwa shilingi 90,000. Bei hiyo ya 90,000, kwa kweli, ndiyo ingekushtua kwanza.

Betri zilizokwisha zisitupwe motoni wala chooni. Zile za lithiamu, bandika utepe kwenye ncha kabla ya kuziweka pamoja. Na walimu wanaosaga unga mweusi wa mawe ya redio wapake ubao, najua rangi ni ghali, lakini ile ni manganisi na watoto wanaivuta puani.

Yule mama alinunua LR6 nne kwenye duka la jirani na ofisi, tukazitia hapo hapo, na mashine ikapima hadi mwisho. Presha yake ilikuwa juu kidogo. Alisema ni sisi tumeipandisha. Zile R6P nne nilimrudishia kwenye kiondo. Alinipigia baada ya siku chache kuuliza kama anaweza kuzitia kwenye saa ya sebuleni. Saa inatumia moja. Nikamwambia mbili zinaenda kwenye rimoti, na ya nne aiweke kivulini.