Je, wajua kwa nini vumbi la kiwanda cha chuma linatolewa zinki na sio chuma?

Mi nilikuwa nadhani vumbi la tanuru la umeme linaloyeyusha chuma chakavu ni chuma kilichosagika tu, unapitisha sumaku, unazoa chako, kazi imeisha. Na kuna mtu nilishamweleza hivyo kwa kujiamini kabisa. Kumbe nimekosea mara mbili. Kwanza, mali inayotafutwa humo ni zinki. Pili, sumaku haiokoi kitu, maana sehemu kubwa ya hiyo zinki imeungana kikemikali na chuma kwenye chembe moja, yaani usifikirie shanga nyekundu na nyeupe kwenye bakuli, fikiria rangi mbili zilizokorogwa kopo moja, sasa hapo utachambua nini? Hata asidi nyepesi inahangaika nayo.

Zinki yenyewe inatoka kwenye mabati na bodi za magari, vile vyuma vilivyopakwa zinki visishike kutu. Chuma kikiyeyuka kwenye nyuzi kama 1600 hivi, zinki haiwezi kuvumilia, yenyewe inachemka kwenye 907 tu. Inapaa kama mvuke, inakutana na hewa, inanyakua oksijeni, inarudi kuwa unga pamoja na chuma kilichorushwa juu, risasi (madini, sio ya bunduki) na kadimiamu. Kila tani ya chuma inaacha takriban kilo 15 hadi 20 za huo unga, na Marekani wameupa hadi namba kwenye orodha ya taka hatarishi: K061.

Sasa utamu uko hapa. Njia inayotumika sana kuitoa zinki ni kurudia kilekile kilichotokea kwenye tanuru la kwanza, yaani kuichemsha ipae, safari hii kwa makusudi. Vumbi linachanganywa na makaa, linaingizwa kwenye bomba refu lililolala kwa mteremko kidogo na linalozunguka polepole, wanaliita tanuru la Waelz, kutoka neno la Kijerumani la kubiringisha. Ndani kuna joto la nyuzi 1200 hivi. Kaboni ya makaa inaipora zinki oksijeni yake, na zinki ikishabaki peke yake inachemka tena, inatoka kwenye rundo, halafu hatua chache tu juu yake inakutana na hewa na kunyakua oksijeni nyingine. Unaona vituko? Imevuliwa shati ili itoke nje, imefika mlangoni imevaa lingine. Ila sasa iko nje, chuma kimebaki ndani, na filta inadaka unga wenye zinki kama asilimia 60, wakati vumbi la mwanzo mara nyingi lilikuwa na 20 au 30, kutegemea mabati yalikuwa mengi kiasi gani.

Sio safi lakini. Risasi na klorini nazo hupanda basi hilohilo, kwa hiyo unga mara nyingi unaoshwa kabla ya kwenda kutengenezwa zinki yenyewe. Na kile chuma nilichokuwa nakifukuzia na sumaku? Kinatoka upande wa pili wa bomba kama mabaki, mengine yanaishia kushindiliwa chini ya barabara.